Mtoto Wangu Hawezi Mtihani: Je, Masomo Yake Yamekwisha?

Sogeza kiti karibu na redio, punguza moto jikoni chakula kisiungue, kisha tuzungumze. Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya kijana wako wa miaka 13, 15 au 17, ambaye wenzake wamempita shuleni, naye bado hajui kusoma jina lake.

Huenda unauliza, muuguzi na mambo ya masomo wapi na wapi? Nitakueleza. Mama wa mtoto kama huyu mara nyingi haendi tena kwa mwalimu, kwa sababu ameshavunjika moyo. Lakini kliniki bado anakuja, kwa maana dawa ni lazima zichukuliwe. Ndiyo sababu habari hizi sisi wauguzi huzisikia.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kuchukua dawa za kifafa za binti yake. Binti alikuwa na miaka 14. Nikamwuliza mama, "Siku hizi anasoma wapi?"

Mama akainama. "Sista, huyu alishaacha. Alikaa gredi ya pili miaka mitatu. Nikaambiwa nimrudishe nyumbani, anawachelewesha wenzake."

"Na ukienda sokoni, anabaki na nani?"

"Namfungia mlango, sista. Nifanyeje?" Halafu akanyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nikifa, nani atamlisha huyu?"

Mama mpendwa, kama umewahi kujiuliza swali hilo usiku, basi kipindi cha leo ni chako. Swali hilo halijibiwi kwa siku moja. Lakini sehemu kubwa ya jibu lake ni hii: mtoto huyu anaweza kujifunza kujifanyia mambo gani kabla hajawa mtu mzima? Na ili ajifunze, anahitaji mpango uliotengenezwa kwa ajili yake yeye peke yake.

KWANZA, TUHAKIKISHE TATIZO NI LIPI

Mtoto kushindwa na masomo si lazima awe na ulemavu wa akili. Kabla hujakubali neno "hawezi", mpeleke akapimwe mambo haya:

Masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri. Mwalimu akisema "kata", yeye anasikia "pata". Wote wanadhani ni mjinga, kumbe hasikii.

Macho. Mtoto anayesogeza kitabu puani au anayekunja uso akitazama ubao huenda anahitaji miwani tu.

Kifafa. Si kila kifafa ni kuanguka na kutoa povu. Kuna kinachomfanya mtoto aduwae kwa sekunde chache, macho wazi lakini akili haipo, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Ikitokea mara nyingi kwa siku, somo lote linampita. Na kama tayari anatumia dawa na anasinzia darasani, mwambie daktari abadilishe kipimo au aina ya dawa. Usiache dawa ghafla wewe mwenyewe, kwa maana mishtuko inaweza kurudi kwa nguvu na kuhatarisha maisha yake.

Damu kupungua na minyoo. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na hawezi kutuliza mawazo.

Kuna pia watoto wenye akili timamu kabisa ambao herufi huwachanganya tu. Mtoto huyo anaeleza hadithi vizuri, anahesabu chenji dukani, lakini kitabu kinamshinda. Yeye naye anahitaji msaada wake, tofauti na wa yule mwenye ulemavu wa akili.

Baada ya hayo yote, wapo watoto ambao ubongo wao hujifunza polepole sana. Wengine walichelewa kulia walipozaliwa kwa kukosa hewa. Wengine walipata manjano kali bila matibabu, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Wengine wamezaliwa na hali ya Down au usonji. Na wengine, hata sisi wahudumu wa afya hatupati sababu. Si laana. Si kwamba ulimkosea mtu. Wala si kwa sababu ulikula kitu fulani ulipokuwa mjamzito. Usimruhusu jirani akutwike mzigo huo.

MPANGO WA MTOTO MMOJA NI NINI?

Darasani, mwalimu ana somo moja kwa watoto wote. Anayelifikia anapita, asiyelifikia anabaki. Kwa mtoto wetu huyu tunageuza mambo. Tunaanza na mtoto, kisha tunatafuta somo linalomfaa. Somo hilo huandikwa kwenye karatasi au daftari, nao ndio mpango wake wa masomo. Walimu huuita kwa herufi zake, IEP. Ukifika shuleni ukasema "nataka kuona IEP ya mtoto wangu", mwalimu wa elimu maalum atakuelewa mara moja.

Mpango mzuri una mambo sita:

1. Anachoweza sasa. Si asichoweza. Kwa mfano: anavaa nguo mwenyewe ila vifungo vinamshinda; anajua rangi nyekundu na nyeupe; anaelewa amri moja, lakini si mbili kwa pamoja.

2. Lengo la mwaka. Afike wapi mwaka ukiisha?

3. Malengo madogo ya muhula, hatua kwa hatua.

4. Nani atamfundisha nini. Mwalimu shuleni, mama nyumbani, kaka yake wakati wa kuteka maji.

5. Tutajuaje amefaulu. Hapa kuwe na hesabu.

6. Tarehe ya kukutana tena na kuukagua.

Sikiliza tofauti ya lengo baya na lengo zuri. Lengo baya ni hili: "Ajue pesa." Utajuaje kwamba amejua? Lengo zuri ni hili: "Kufikia mwisho wa muhula, akiwekewa noti za shilingi 50, 100 na 200, atachagua noti ya 100 bila kusaidiwa, mara 4 kati ya 5." Hilo hata nyanya yake anaweza kulipima akiwa ameketi mkekani.

Na hapa ndipo naomba unisikilize sana, mama. Mpango huu hauandikwi na mwalimu peke yake. Mwalimu anamwona mtoto kwa saa chache. Wewe unajua kwamba anaogopa kelele ya mashine ya posho, kwamba akishiba ndipo anasikiliza, kwamba anampenda mjomba wake kuliko watu wote. Habari hizo ndizo zinazoufanya mpango ufanye kazi. Ukiitwa shuleni usikae kimya ukisema "mwalimu ndiye anajua". Useme unayoyajua.

MTAALA UNASEMAJE?

Wengi wetu tulisoma katika 8-4-4, ambapo mtihani wa darasa la nane ulimwambia mtoto kama anaendelea au amekwama. Mtihani huo wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, una njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya gredi, ambayo watoto wengi wanaifuata, hata wengi wenye ulemavu wa macho, masikio au viungo. Njia ya pili ni ya hatua, kwa watoto ambao njia ya gredi haiwafai, wakiwemo wenye ulemavu wa akili, wengine wenye usonji na wengine wenye mtindio wa ubongo.

Njia hii ya pili ina hatua nne: ya msingi, ya kati, ya matayarisho ya ufundi, na ya ufundi wenyewe. Katika ile ya msingi mtoto hujifunza kula, kuvaa, kwenda chooni, kuwasiliana na wenzake. Katika ya kati kunaongezwa hesabu za maisha na kazi za mikono. Kisha anaingia katika matayarisho ya kazi: kupanda mboga, kupika, kushona, kutengeneza shanga, kufuga kuku. Mtoto hapandi hatua kwa sababu umri umefika au mwaka umeisha. Anapanda anapoweza. Mmoja atachukua miaka miwili, mwingine mitano, na wote wawili wako sawa.

Wanaomaliza hatua ya kati wana tathmini yao kutoka Baraza la Mitihani la Kenya, yaani KNEC. Inaitwa KILEA. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba serikali haina nafasi ya mtoto kama wako. Nafasi ipo, ingawa wakati mwingine inabidi kuitafuta mbali na kwa subira.

NYUMBANI, TUANZIE WAPI?

Usingoje shule. Wapo mnaonisikiliza ambao darasa maalum la karibu liko mwendo wa saa mbili kwa matatu. Anza na jambo moja tu, ambalo mtoto analihitaji kila siku.

Tuchukue mfano wa binti na pedi. Sisi tunaona ni jambo moja. Kwake ni mambo mengi: kutambua kwamba damu imetoka, kwenda chooni, kufunga mlango, kutoa pedi iliyotumika, kuifunga kwa karatasi, kuitupa panapofaa, kufungua mpya, kuibandika kwenye chupi, kuvaa, kunawa mikono. Hizo ni hatua kumi. Ukimwambia "nenda ubadilishe" unamwamuru mambo kumi kwa mara moja, halafu unamkasirikia akishindwa.

Sasa fanya hivi. Siku za kwanza mfanyie wewe hatua tisa, umwachie ya mwisho tu, kunawa mikono. Mwisho wa kazi yeye ndiye anayemaliza, kwa hiyo anaonja kufaulu. Akiizoea, mwachie mbili za mwisho. Kisha tatu. Rudi nyuma polepole hivyo mpaka afike mwanzo. Anaweza kujizoeza hata siku asizo na hedhi, akitumia pedi safi, na kwenye ile ya kujifanya iliyotumika mtie maji ya rangi nyekundu.

Kuhusu kumsaidia, anza kwa kushika mkono wake. Baadaye mguse kiwiko tu. Kisha mwonyeshe kwa kidole. Kisha mwambie kwa neno. Mwisho nyamaza. Akina mama wengi hukwama kwenye kushika mkono kwa miaka, kwa sababu ni upesi zaidi. Naelewa, kazi ni nyingi na maji hayajatekwa. Lakini ukimfanyia kila kitu kwa huruma, unamfundisha kungoja.

Tenga dakika kumi na tano kila siku, saa ile ile. Weka alama kwenye daftari: ameweza, amesaidiwa, hakuweza. Baada ya mwezi fungua kurasa za nyuma utazame. Haba na haba hujaza kibaba. Na kama kwa mwezi mzima hakuna alama hata moja ya "ameweza", usimpige wala usimtukane. Hatua uliyompa ni kubwa mno. Igawe mara mbili.

KIJANA NI KIJANA

Mama, kosa moja nisikufiche. Kwa kuwa akili yake ni ya polepole, tunadhani na mwili wake ni wa mtoto. Sivyo. Binti atapata hedhi, mvulana ataota usiku na sauti itavunjika, kama vijana wengine. Kwa hiyo mpango wake lazima uwe na masomo ya mwili:

Ajue majina halisi ya viungo vyote vya mwili wake.

Ajue mambo ya faraghani hufanywa wapi, na ya mbele za watu ni yapi.

Ajue ni nani tu anayeruhusiwa kumsaidia kuoga.

Ajue kusema "hapana" na kuondoka. Asiyeweza kusema afundishwe ishara ya mkono.

Ajue mtu mmoja au wawili wa kukimbilia.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili yuko katika hatari kubwa ya kunajisiwa, na mara nyingi mhalifu ni mtu anayejulikana nyumbani. Kumfungia mlango hakumlindi, kwa maana anayemjua anajua pia yuko peke yake. Na wale wanaompeleka binti akadungwe sindano ya kupanga uzazi wakidhani wamemlinda, sindano hiyo inazuia mimba tu. Haizuii kunajisiwa, wala haizuii virusi vya ukimwi. Likitokea jambo baya, usimwogeshe, usifue nguo zake. Mfikishe hospitalini mara moja, kabla ya saa 72 kwisha, apewe dawa za kuzuia virusi. Unaweza pia kupiga simu ya kusaidia watoto, nambari 116, bila malipo.

UENDE WAPI?

Kwanza, nenda kwenye kituo chako cha afya, apimwe kama nilivyoeleza. Omba barua na uitunze.

Pili, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kuhusu kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, kinachojulikana kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984. Huko watamtazama mtoto anachoweza, kisha watakushauri ni shule gani au darasa gani litamfaa. Nairobi iko pia Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani, ambayo hufundisha walimu na pia hupima watoto.

Tatu, msajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya uchunguzi katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Usajili huo ndio mlango wa misaada mingine.

Nne, shule ikikukataa, usiondoke kimya. Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mtoto kubaguliwa anapotafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu. Zungumza kwa heshima, lakini zungumza. Mwalimu mkuu akisema hana mwalimu wa elimu maalum, huenda ni kweli. Basi mwombe mwende pamoja kwa afisa wa elimu.

Tano, tafuta wazazi wenzako. Hata wanne wakikutana chini ya mti kila mwezi, wanaweza kupokezana kukaa na watoto ili wengine waende sokoni bila kumfungia mtu ndani.

TUMALIZIE

Mtauliza, yule binti wa dawa za kifafa je? Tuliandika mpango wake na mwalimu wa darasa maalum, kwenye daftari la kurasa 48. Lengo la kwanza lilikuwa kuosha vyombo vyake mwenyewe baada ya kula. La pili lilikuwa noti ya shilingi 100. Muhula wa pili kifafa kilimzidi, akasahau karibu yote, na mama akaja kwangu akilia kwamba kazi imeharibika. Tukabadilisha dawa kwa ushauri wa daktari, na mwalimu akaandika mpango upya, kwa hatua ndogo zaidi. Binti sasa anaoga mwenyewe, anabadilisha pedi mwenyewe, anakwenda kwenye duka la jirani na kurudi na chumvi na chenji. Siku za sokoni anakwenda na mama yake, anapanga nyanya mafungu ya tano tano. Hajui kusoma. Pengine hatajua. Lakini mama yake haulizi tena "nani atamlisha?" kama alivyouliza mara ya kwanza. Siku hizi anauliza, "Sista, tumfundishe nini muhula ujao?"

Mama mpendwa, usimpime mtoto wako na mtoto wa jirani. Mpime na alivyokuwa mwaka jana. Kama jana alinawa mikono kwa kusaidiwa na leo amenawa mwenyewe, amefaulu mtihani wake. Mpigie makofi, andika daftarini, kisha mpe hatua nyingine.

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Hadi wiki ijayo, saa kama hii, tunzeni afya zenu na za watoto wenu. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Katika kijiji chetu, ni vijana wangapi wanafungiwa nyumbani? Tunawezaje kuwafikia wazazi wao bila kuwaaibisha?

2. Chagua kazi moja ya nyumbani, kwa mfano kupika chai. Ina hatua ngapi? Mtoto aanze na ipi?

3. Ni mambo gani unayoyajua kuhusu mtoto wako ambayo mwalimu wake hayajui?